Onyo Likitolewa, Nani Anawajibika?

Mwongozo kwa wakazi kuhusu uongozi, ugaidi na nafasi zilizopotea

Kila baada ya shambulio la kigaidi humu nchini, wananchi huuliza maswali yaleyale. Je, idara za usalama zilikuwa na habari mapema? Kama zilikuwa nazo, habari hizo zilikwama wapi? Na kiongozi aliyekuwa na mamlaka ya kuchukua hatua alifanya nini? Mara nyingi maswali hayo hupoa kabla hayajajibiwa. Makala haya yanaeleza maana ya uwajibikaji katika suala hili, yanapitia matukio ambayo Kenya imeyapitia, na yanaonyesha njia za kisheria ambazo mkazi wa kaunti anaweza kuzitumia kudai majibu.

Kisumu haijakumbwa na shambulio kubwa kama yale ya Nairobi na Garissa, lakini suala hili linawahusu wakazi wake. Watu wa kanda ya Ziwa hufanya kazi na kusoma kila pembe ya nchi. Basi lililoshambuliwa karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014, ambapo watu 28 waliuawa, lilikuwa limebeba abiria wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Chuo Kikuu cha Garissa kilikuwa na wanafunzi kutoka kote nchini, Nyanza ikiwemo. Tena, Kisumu iko kwenye njia ya kwenda Uganda, kwa barabara na kwa maji. Tarehe 11 Julai 2010, zaidi ya watu 70 waliuawa Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na miongoni mwa waliopatikana na hatia mwaka 2016 walikuwemo Wakenya.

AINA TATU ZA UWAJIBIKAJI

Wa kwanza kubeba lawama ni yule aliyepanga na kutekeleza mauaji. Huu ni uwajibikaji wa jinai, na mahali pake ni mahakamani. Mwaka 2019, kwa mfano, mahakama ya Nairobi iliwapata watu watatu na hatia kuhusiana na shambulio la Garissa. Mmoja alifungwa maisha na wawili wakafungwa miaka 41 kila mmoja.

Wa pili ni uwajibikaji wa kikazi. Huu unamhusu afisa aliyepewa jukumu akalizembea: aliyepokea taarifa asiipeleke mbele, aliyechukua hongo mpakani, au aliyechelewesha kikosi bila sababu. Afisa kama huyo anaweza kusimamishwa, kufutwa kazi au kushtakiwa.

Wa tatu ni uwajibikaji wa kisiasa. Huu unamhusu yule anayeteua wakuu wa usalama, anayepanga bajeti, anayeamua vipaumbele na anayepaswa kuueleza umma. Kiongozi wa kisiasa anaweza kuwa hakuvunja sheria yoyote na bado akawa na wajibu wa kujibu. Ibara ya 10 ya Katiba inataja uwajibikaji kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, na Ibara ya 73 inasema mamlaka ya ofisa wa serikali ni dhamana ya umma. Aliyekabidhiwa dhamana hutoa hesabu yake, hata pale alipojitahidi.

Ni haki pia kukumbuka upande wa pili. Idara za ujasusi hupokea taarifa nyingi kila wiki, na nyingi hazina uhakika wa siku wala mahali. Baada ya tukio, onyo lililokuwa limefifia huonekana kana kwamba lilikuwa wazi tangu mwanzo. Kwa hiyo kutoa onyo pekee hakuthibitishi uzembe. Kinachopimwa ni kama onyo lilimfikia mwenye uwezo wa kutenda, alikuwa na vifaa gani, na alichukua hatua zipi.

1998: ONYO LILIPITA MIKONO MINGI

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililobebwa kwa lori lililipuka kando ya Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Karibu wakati uleule bomu jingine lililipuka Dar es Salaam na kuua watu 11.

Dalili zilikuwepo. Mwezi Agosti 1997, karibu mwaka mmoja kabla ya mlipuko, polisi wa Kenya na maafisa wa Marekani waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage jijini Nairobi. Kwenye kompyuta iliyopatikana humo kulikuwa na barua iliyozungumzia kundi la wafuasi wa Osama bin Laden lililokuwa Afrika Mashariki. El-Hage aliondoka nchini, lakini waliobaki waliendelea na mipango yao. Naye Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia wizara yake mjini Washington akilalamika kwamba jengo la ubalozi, lililokuwa pembeni mwa barabara zenye shughuli nyingi, halikuwa salama.

Baada ya mlipuko, Marekani iliunda bodi ya uchunguzi chini ya Admirali William Crowe. Ripoti ya Januari 1999 haikumpata mfanyakazi yeyote mmoja na kosa la kukiuka wajibu wake. Hata hivyo, ilisema kulikuwa na kushindwa kwa pamoja kwa serikali zilizofuatana na Bunge la nchi hiyo, kwa sababu fedha za kulinda balozi hazikutolewa ipasavyo kwa muda wa mwaka hadi mwaka.

Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, lawama ikigawanywa kwa wote, inaweza isimfikie yeyote. Pili, kuandika ripoti na kuichapisha kuna faida, kwa kuwa baada ya hapo Marekani ilijenga balozi zake upya kwa masharti makali zaidi, likiwemo jengo jipya la Nairobi lililoko Gigiri, mbali na katikati ya jiji. Upande wa Kenya, waathiriwa walibaki wakidai fidia kwa muda mrefu, na zaidi ya miaka 25 ilipita kabla ya Seneti kuunda kamati maalumu ya kulishughulikia suala lao.

2013: RIPOTI YA WESTGATE ILIYOKATALIWA

Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wa Al-Shabaab walivamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Watu 67 waliuawa katika shambulio lililochukua siku nne. Siku chache baadaye, kwenye maombi ya kitaifa, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi kuunda tume ya uchunguzi. Tume hiyo haikuundwa.

Kazi hiyo ilibaki kwa kamati mbili za Bunge la Taifa zilizoketi pamoja. Ripoti yao ilisema kulikuwa na maonyo ya kijasusi kabla ya shambulio, na ikataja ufisadi katika utoaji wa vitambulisho na pasipoti pamoja na ukosefu wa uratibu kati ya polisi na jeshi wakati wa uokoaji. Machi 2014, wabunge waliitupilia mbali ripoti hiyo, baadhi yao wakisema haikuwa na uzito. Bunge halikuandika nyingine badala yake.

Wakazi wa Kisumu wanaifahamu njia hii. Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko, mzaliwa wa kaunti hii, aliuawa Februari 1990. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Kamati ya Bunge iliyofuata miaka ya 2000 iliongozwa na Gor Sunguh, aliyekuwa mbunge wa Kisumu Mjini Mashariki, na ripoti yake ikakataliwa bungeni mwaka 2010. Kifo cha Ouko hakikuwa shambulio la kigaidi. Lakini uchunguzi usiofika mwisho huacha jeraha lilelile: familia hazipati majibu, na dola haipati mafunzo ya kuyaandika kwenye kanuni zake.

2014 NA 2015: WATU WALIBADILISHWA, PENGO LIKABAKI

Tarehe 2 Desemba 2014, siku chache tu baada ya shambulio la basi, wachimbaji mawe 36 waliuawa kwenye timbo karibu na mji wa Mandera. Siku hiyohiyo Rais alitangaza kuondoka kwa waziri wa usalama Joseph ole Lenku na kustaafu kwa Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo. Kwa wengi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona wakuu wawili wa usalama wakiondoka kwa pamoja kufuatia shambulio.

Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama katika kikao kilichojaa vurugu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vinane vya sheria hiyo kwa kukiuka Katiba. Uamuzi huo ulikumbusha kwamba hofu ya ugaidi haimpi kiongozi ruhusa ya kuzipita haki za raia.

Miezi minne kamili baada ya mabadiliko hayo, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuwaua watu 148, wakiwemo wanafunzi 142. Wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwa maandishi kwamba kulikuwa na habari za kupangwa kwa shambulio dhidi ya chuo kikubwa. Onyo hilo halikuutaja mji wa Garissa, lakini lilionyesha kwamba vyuo vilikuwa vikilengwa.

Kilichowaumiza zaidi wazazi ni kuchelewa kwa msaada. Kikosi maalumu cha Recce, chenye makao yake Ruiru, kilifika Garissa alasiri, saa nyingi baada ya milio ya kwanza ya risasi, na baadhi ya wanahabari waliosafiri kwa barabara kutoka Nairobi walikuwa wameshafika. Kikosi hicho kilipoingia jioni, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Mjadala uliofuata ulihusu ndege, amri, na nani alikuwa na mamlaka ya kukiruhusu kikosi kuondoka.

Tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja, zinaonyesha kwamba kumfuta mtu kazi ni hatua ya uwajibikaji lakini haitoshi. Waziri mpya akikuta mfumo uleule, simu zilezile zisizopokewa na utaratibu uleule wa kusubiri amri, matokeo hayawezi kubadilika sana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Uchunguzi wa wazi ndio unaoonyesha ufa ulipo.

PALIPOONEKANA MABADILIKO

Kuna matukio yanayoonyesha kwamba mafunzo huweza kuzaa matunda. Magaidi waliposhambulia jumba la DusitD2 jijini Nairobi tarehe 15 Januari 2019, watu 21 waliuawa. Hata hivyo vikosi vilifika mapema, uratibu ulikuwa bora kuliko ule wa Westgate, na zaidi ya watu 700 waliokolewa.

Novemba 2021, wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, mmoja wao akiwa amehukumiwa kuhusiana na shambulio la Garissa. Ndani ya siku chache Rais alimwondoa Kamishna Mkuu wa Magereza, askari kadhaa wa gereza wakakamatwa, na wafungwa hao wakapatikana Kitui wakiwa hai. Hapa hatua zilichukuliwa kabla damu haijamwagika, na zilimgusa mkuu wa idara pamoja na askari wa zamu.

WENGINE WALIFANYAJE

Mfano mzito zaidi unatoka Sri Lanka. Jumapili ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, walipuaji wa kujitoa mhanga waliua zaidi ya watu 260 makanisani na hotelini. Idara za ujasusi za India zilikuwa zimeipa Sri Lanka onyo wiki mbili na ushei kabla. Waathiriwa na familia zao walikwenda Mahakama ya Juu, wakadai kwamba haki zao za kimsingi zilivunjwa na viongozi waliokaa na onyo bila kulifanyia kazi. Januari 2023 mahakama hiyo ilikubaliana nao. Ilimwamuru aliyekuwa Rais, Maithripala Sirisena, ambaye pia alikuwa waziri wa ulinzi, kulipa rupia milioni 100 za nchi hiyo kutoka mfukoni mwake, na wakuu wa polisi na ujasusi wakaamriwa kulipa pia. Sirisena alikuwa amejitetea kwamba hakuelezwa. Mahakama iliona kwamba kuhakikisha unaelezwa ni sehemu ya kazi ya kiongozi.

Nchini Uingereza, watu 22 waliuawa kwenye ukumbi wa tamasha mjini Manchester tarehe 22 Mei 2017. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na jaji mstaafu ulisema mwaka 2023 kwamba idara ya ujasusi ya MI5 ilipoteza nafasi muhimu ya kuchukua hatua. Jaji hakudai kwamba shambulio lingezuiwa kwa hakika. Alisema tu kwamba nafasi hiyo ilikuwepo. Mkuu wa MI5 aliomba radhi hadharani. Sehemu ya ushahidi wa kijasusi ilisikilizwa faraghani, na muhtasari wake ukachapishwa. Utaratibu huo unajibu hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba masuala ya usalama hayawezi kuchunguzwa bila kufichua siri za nchi.

NANI ANA JUKUMU GANI

Wakazi wengi huuliza kwa nini Gavana hawezi kuamuru polisi. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba: usalama wa taifa na huduma ya polisi ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Rais ndiye mwenyekiti wa Baraza la Usalama wa Taifa, na kwa mujibu wa Ibara ya 240, baraza hilo hutakiwa kutoa ripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Katika kaunti, Kamishna wa Kaunti ndiye huongoza kamati ya usalama, akisaidiwa na manaibu wake, machifu na manaibu wa machifu.

Hata hivyo, kaunti haina mikono mitupu. Jedwali hilohilo linaipa kaunti zimamoto, kukabili majanga, hospitali za kaunti na ambulansi. Shambulio likitokea, dakika za kwanza huwa mikononi mwa wahudumu hao. Kaunti pia hutoa leseni za biashara, husimamia masoko kama Kibuye na vituo vya magari, na huidhinisha ramani za majengo. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli katika ukumbi uliojaa watu ni jambo la kaunti, na maafisa wake wanaweza kuulizwa kulihusu.

Aidha, kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinaanzisha Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni Gavana au mtu atakayemteua. Wanachama ni pamoja na wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi katika kaunti, wajumbe wawili wa Bunge la Kaunti, na watu wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, vijana, viongozi wa dini na watu wenye mahitaji maalumu. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kuendeleza polisi jamii na kupima utendakazi. Katika kaunti nyingi kifungu hiki kilikaa miaka mingi bila kutekelezwa kikamilifu, huku serikali za ngazi mbili zikivutana. Wakazi wana haki ya kuuliza mamlaka hiyo ilikutana lini mara ya mwisho na iliazimia nini.

ONYO HUANZIA CHINI

Kenya ina sehemu ndogo ya Ziwa Victoria, takriban asilimia 6, lakini ufuo wake unagusa kaunti tano: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Boti huvuka kwenda na kutoka Uganda na Tanzania kila siku. Hakuna kikosi kinachoweza kusimama katika kila ufuo. Wanaojua boti ngeni imetia nanga Dunga au kwingineko ni wavuvi, wachuuzi wa samaki na viongozi wa vikundi vya kusimamia fuo, vinavyojulikana kama BMU. Vivyo hivyo mtaani. Mzazi ndiye huona kwanza mwanawe ameanza kubadilika, ameacha marafiki wa zamani na anapokea simu kwa siri.

Lakini mtu hutoa habari pale tu anapoamini kwamba hatadhuriwa nayo. Akidhani jina lake litavuja, au kwamba mwanawe atachukuliwa usiku asionekane tena, atanyamaza. Ndiyo maana uwajibikaji wa polisi katika mambo ya kawaida ni sehemu ya kuzuia ugaidi. Pia ndiyo sababu jamii yoyote, ya dini au kabila lolote, haipaswi kushukiwa kwa ujumla. Mama Mwislamu wa Manyatta anayemhofia polisi kuliko anavyomhofia mshawishi wa mwanawe hatapiga simu, na onyo litazikwa nyumbani kwake.

Kisumu ina mfano wake kuhusu wajibu wa makamanda. Agosti 2017, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alifariki baada ya kupigwa kichwani wakati wa operesheni ya polisi mtaani Nyalenda. Februari 2019, mahakama ya Kisumu iliyofanya uchunguzi wa kifo hicho iliwataja makamanda walioongoza operesheni kuwa wenye kuwajibika, pamoja na maafisa waliokuwa chini yao. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa wa polisi. Hakimu alifuata amri ilikotoka, akapanda ngazi hadi kwa aliyeitoa. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotakiwa pale onyo la ugaidi linapopuuzwa.

MKAZI ANAWEZA KUFANYA NINI

Kutoa habari. Mtu anayeona jambo la kutilia shaka anaweza kupiga simu ya dharura ya polisi, 999 au 112, au kumweleza chifu, kiongozi wa Nyumba Kumi au wa BMU. Ni vyema kuandika siku, saa na mtu aliyepokea taarifa. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoonyesha baadaye kama onyo lilitolewa.

Kuomba maelezo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Mambo yanayohatarisha usalama wa taifa yanaweza kuzuiwa. Lakini bajeti ya zimamoto, idadi ya ambulansi zinazofanya kazi na vikao vya kamati si siri za kijeshi. Anayenyimwa habari anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Tume hiyo ina ofisi Kisumu.

Kulalamika. Malalamishi dhidi ya afisa wa polisi, yakiwemo ya kuzembea taarifa aliyopewa, yanaweza kupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ambayo pia ina ofisi Kisumu. Hakuna malipo, na mlalamishi anaweza kuomba jina lake lisitajwe.

Kupeleka ombi rasmi. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge kushughulikia jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na Sheria ya Serikali za Kaunti inatoa haki kama hiyo kwa Bunge la Kaunti. Wakazi wanaweza kumwomba mbunge au seneta wao aulize kama ripoti ya mwaka kuhusu usalama iliwasilishwa, na iko wapi. Mwakilishi wadi anaweza kuulizwa kama kaunti imefanya mazoezi ya dharura katika masoko, shule na hospitali.

Kuhudhuria. Vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti ndipo mahali pa kuuliza magari ya zimamoto yapo mangapi na yanamfikia mkazi wa Seme au Nyakach baada ya muda gani. Baraza la chifu ndipo mahali pa kuuliza taarifa zilizotolewa mwezi uliopita zilifanyiwa nini.

MASWALI MANNE YA KUKUMBUKA

Likitokea shambulio, au jaribio lililozuiwa, mkazi ana haki ya kuwauliza viongozi wa ngazi zote mambo manne. Onyo lilipokelewa na nani, na siku gani? Aliyelipokea alikuwa na mamlaka na vifaa gani vya kuchukua hatua? Alichukua hatua ipi? Na ni nini kimebadilishwa ili lisitokee tena?

Kufikia sasa, Kenya imewaona mawaziri wakiondoka, kamati zikikutana na ripoti zikikataliwa. Familia za waliouawa Westgate hazijapata majibu ya maswali hayo manne kutoka kwa tume iliyoahidiwa. Tume kama hiyo bado inaweza kuundwa, kwa kuwa sheria inamruhusu Rais kuunda tume ya uchunguzi kuhusu jambo lolote lenye manufaa kwa umma, na muda uliopita si kizuizi. Anayetaka iundwe anaweza kuanza na barua kwa mbunge wake.